Pijo Isiyojua Mwendo Wake

"Iraje," alisema Sibomana kutoka chini ya gari.

Inakuja. Ndiyo maana ya neno hilo kwa Kinyarwanda, na tangu asubuhi lilikuwa limetoka chini ya ile Pijo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kilichotakiwa kutoka hasa, kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, kilikuwa palepale, kimejikita kwenye mkia wa giaboksi kama jino la mzee aliyeapa kuzikwa nalo.

Usumani alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Inakuja kutoka wapi, Sibomana? Ingekuwa inatoka Mombasa kwa miguu ingekuwa imeshafika."

"Pole pole, muzee. Imeshasikia."

"Imesikia! Mimi sitaki isikie, nataka itoke."

Mimi nilikuwepo kwa sababu ya suruali. Nilikuwa nimempelekea Usumani suruali mbili azipunguze kiuno kabla sijaendelea na safari yangu ya Bukavu, nikaambiwa nikae kidogo. Katika mji huu kuambiwa ukae kidogo si ukarimu tu, ni hukumu. Nikakaa kwenye kigoda, uani nyuma ya duka lake Nyakabanda, Kigali, na baada ya muda nikapewa tochi niishike. Mwenye kushika tochi haondoki.

Usumani ni fundi cherehani, mwembamba, ana umri wa miaka sitini na kitu, na ana mashati meupe ambayo sijawahi kuyaona na doa. Babu yake alitoka pwani, akapita Tabora na Ujiji na robota la nguo kichwani mwa mtu mwingine, akafika hapa akaoa, akasahau kurudi. Ukoo umepoteza mengi tangu hapo, lakini haujapoteza nguo wala Kiswahili. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na siku moja ya neema akanunua Pijo 504 rangi ya maziwa kutoka kwa Mbelgiji aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Usumani alirithi gari, na dada yake Zubeda akarithi ufunguo wa akiba. Walikuwa wakiliendesha kwa zamu na kugombana kwa zamu.

Zubeda alipelekwa harusini kwake ndani ya gari hilo. Alipougua ugonjwa uliomuua, miaka ya karibuni, alimwambia kaka yake: Gaju naye ataondoka nyumbani na Pijo. Usumani akasema ndiyo. Gaju ni binti pekee wa Zubeda, na harusi yake ilikuwa keshokutwa, Jumamosi.

Basi hapo ndipo penye tabu. Cheti cha ukaguzi wa gari kilikuwa kimekwisha muda. Siku moja kabla ya siku hii ninayoisimulia, Usumani aliipeleka Pijo kwenye kontrole, kama watu wa hapa wanavyouita ukaguzi huo. Breki zikasifiwa. Taa zikasifiwa. Mkaguzi kijana, kwa heshima zote, akaomba kuliendesha hatua chache, akatazama mshale wa spidomita, akatazama tena. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Mzee, gari halijui mwendo wake," alisema. "Litengeneze, urudi Ijumaa."

Na alikuwa na haki. Waya wa spidomita ulikuwa umekatika mwezi mzima nyuma, na Usumani alikuwa akiendesha kwa kusikiliza injini, akiwa na hofu ya Sofiya. Sofiya ni jina ambalo watu wa Kigali wamezipa kamera za mwendo zilizosimama kando ya barabara. Hazicheki, hazisalimiani, na hazisahau mtu. Kwa kumwogopa Sofiya alikuwa anakwenda taratibu kiasi kwamba wauza maembe walimpita.

Waya mpya ulikuwa umeshapatikana. Ulikuja na basi la usiku kutoka Kampala, umezungushwa ndani ya mfuko kama nyoka aliyelala. Lakini waya huo huingia ndani ya kile kipande cha chuma, ambacho ndani yake mna kijigia kidogo cha plastiki. Giaboksi hukizungusha kijigia, kijigia huzungusha waya, waya huinua mshale mbele ya dereva. Na ule waya wa zamani ulipokatika uliacha ncha yake humo ndani. Hapana budi kipande chote kitoke, ncha itolewe, kirudi. Usumani alikiita bobini, kwa sababu kwa kweli kinafanana na bobini ya cherehani, na kwa sababu alikuwa hana subira ya kujifunza jina jingine.

Nimeona magari makuukuu yakitengenezwa Asmara na Antananarivo, na kote huko chini ya gari kuna ulimwengu wa grisi, vumbi na majani makavu. Nilipomulika chini ya Pijo ya Usumani niliona kitu kingine. Kulikuwa safi. Giaboksi, mabomba, hata sakafu ya gari, vyote vilikuwa vimepakwa rangi ya kijivu inayong'aa.

"Gari ya watu wengine chini iko chafu," Sibomana aliniambia, akijifuta jasho. "Ya huyu muzee iko kama ukuta ya saluni. Mimi naona aibu kuweka mkono."

"Uone aibu ya kukaa humo tangu asubuhi," Usumani akajibu.

Sibomana ni makanika mzuri. Nasema hivyo kwa sababu siku ile hakuonekana hivyo. Alikuwa amepulizia mafuta ya kulainisha kutu, amegonga kwa ubao, amezungusha kulia, amezungusha kushoto, na kila njia iliposhindwa hakusema imeshindwa. Hapa watu hawapendi kukupa habari mbaya moja kwa moja. Wanaiweka kando, wanaifunika, wanakupa nyingine. Ukiuliza "Vipi?" unaambiwa "Iraje." Ni adabu nzuri sana mezani. Chini ya gari, siku mbili kabla ya harusi, inaweza kumpasua mtu mishipa.

Juu ya ukuta wa uani kikatokea kichwa cha Libère, jirani, dereva mstaafu wa malori.

"Bado?"

"Inakuja," alisema Sibomana.

"Pigeni na marteau! Nyundo! Sisi kwenye lori tulikuwa tunapiga, moja tu, paf!"

"Libère," alisema Usumani bila kugeuka, "hii ni aluminiamu. Ikipasuka, nitaokota giaboksi lingine wapi? Utanizalia wewe?"

"Nakwambia moja tu."

"Rudi kwa mkeo."

Kichwa kikashuka, lakini hakikwenda mbali. Tulikisikia kikikohoa upande wa pili.

Saa nane mchana akaja Winifred. Yeye ni dada wa baba yake Gaju, kwa hiyo shangazi wa bibi harusi, na katika siku kama zile shangazi ni serikali. Alikulia Kampala, akarudi na wazazi wake akiwa msichana, anafanya kazi ya uhasibu, na anatembea kama mtu ambaye mkutano unamsubiri. Alipita dukani, akaona cherehani zimenyamaza, akaona vitambaa vya hariri vya mishanana, mavazi ya sherehe ya wanawake wa hapa yenye kitambaa cha begani, vimelala mezani kama samaki, akatokea uani.

"Shemeji," alisema. "Mishanana yetu iko wapi?"

"Karibu shemeji. Imeshakatwa."

"Imekatwa. Nani ataivaa ikiwa imekatwa? Tuko mashangazi sita, shemeji. Sita! Jumamosi twende tumevaa makaratasi?"

"Nikimaliza hapa nakaa kwenye cherehani, sisimami mpaka asubuhi."

"Na hapa unamaliza lini?"

"Iraje," ilisema sauti kutoka chini.

"Banange!" Winifred alishika kiuno. "Huyo ni nani humo chini? Shemeji, nisikilize. Mwanangu Bruce ana jeep nyeupe. Ameiosha. Amenunua riboni. Mimi nampigia simu sasa hivi, Gaju anapanda jeep, wewe unakaa kwenye mashine unashona, wote tunalala. Shida iko wapi?"

Usumani alikuwa ameokota baki la kitambaa na anafuta nalo mlango wa gari, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kufuta.

"Mama yake aliniambia," alisema.

Winifred alimwangalia. Alikuwa na simu mkononi, na kidole kilikuwa tayari. "Najua alikwambia," alisema kwa sauti ya chini kidogo. "Nilikuwa nimekaa pale pale kitandani. Lakini Zubeda hakusema mashangazi waende uchi." Akavuta kigoda cha pili, akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Sawa. Naketi. Kivuli kikifika kwenye lile bati na hicho kitu hakijatoka, napiga."

Kuanzia hapo tulikuwa na saa ukutani: mstari wa kivuli uliokuwa unapanda polepole kuelekea bati la choo. Sibomana, akitazamwa sasa na serikali, aliongeza bidii. Alileta kichomea cha gesi. Usumani alikikataza: moto ule ungeyeyusha kijigia cha plastiki na kuunguza mpira unaozuia oili, na hapo gari lingekuwa na shida mbili. Akaleta koleo kubwa, akaibana bobini, akajikaza miguu kwenye ekseli, akavuta.

Kitu kikalia. Kra!

Nilimulika kila upande kutafuta ufa. Usumani alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inasoma dua.

"Hakuna kitu," alisema Sibomana hatimaye. "Koleo iliteleza. Rangi tu imetoka."

Kigamba cha rangi, kikubwa kama stempu, kilikuwa kimerukia kiatu cha Winifred. Alikiokota ili akitupe, kisha akakitazama kwa upande.

"Shemeji, gari lako umelipaka mara ngapi? Hii ni nene kama chapati. Kijivu, halafu kijani, halafu... hii ni ya zambarau?"

"Si zambarau. Ni rangi ya udongo," alisema Usumani, akakipokea. Akakigeuzageuza kwenye mwanga. Nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyeitwa jina na asijue nani amemwita. "Hii ya udongo ni duka, mara ya kwanza. Hii ya kijani ni duka, tulipoambiwa maduka yote ya mtaa yafanane. Halafu kijivu."

Kumbe ilikuwa hivi. Kila mara wafanyabiashara wa mtaa walipokubaliana kupaka upya mbele ya maduka, na hapa watu hupaka, mji huu haukai na ukuta uliochubuka, Usumani alibaki na rangi nusu kopo. Kutupa ni dhambi, na kuweka ni uchafu. Kwa hiyo alitandika mkeka, akaingia chini ya Pijo na brashi, akapaka. Alitaka gari lake liwe safi hata pale ambapo hakuna wa kuona isipokuwa Mungu na makanika. Miaka yote hiyo. Kila rangi ya duka ilikuwa pia humo chini.

Alisimama na kile kigamba mkononi. Halafu akasema kitu ambacho nilikiandika jioni ile kwa kuogopa kukisahau:

"Mshono ukikataa kufumuka, hauvutwi. Ukiuvuta, unachana kitambaa. Unatafuta mahali fundi alipofunga uzi. Kuna kifundo umekiruka."

Akaingia dukani, akatoka na kifumulio, kile kijichuma chenye ncha mbili cha kufumulia mishono. Akavua shati lake jeupe, akalikunja, akampa Winifred. Akalala chini akiwa na fulana, karibu na Sibomana, miguu yao minne ikiwa imetokeza kama ya watu waliogongwa.

"Mulika, ndugu yangu. Hapana, hapa pembeni."

Alianza kukwangua. Hakukwangua bobini; alikwangua giaboksi lenyewe, kuizunguka bobini, polepole, akipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa pindo kutafuta uzi. Kijivu kilitoka, kijani kikatoka, udongo ukatoka. Mahali fulani pembeni palikuwa na kiuvimbe, kidogo, cha mviringo, ambacho mtu yeyote angedhani ni sehemu ya chuma. Kifumulio kilizama pale. Ganda likabanduka zima, kama ganda la kidonda, na chini yake kulikuwa na kichwa cha bolti na nati yake.

Sibomana akasogeza kichwa karibu.

"Bolti," alisema Sibomana.

"Naiona."

"Iko inaingia kwa upande. Iko inashika bobini." Sauti yake ilipanda. "Muzee! Tangu asubuhi mimi navuta kitu yenye kufungwa na bolti! Nani alipaka rangi juu ya bolti?"

Usumani aliendelea kukwangua rangi iliyobaki.

"Muzee, nauliza, ni nani huyu mujinga ali..."

"Sibomana," alisema Winifred kwa upole wa kutisha, "amelala hapo kando yako."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka mkoba ukaanguka, mpaka kichwa cha Libère kikarudi ukutani kuuliza kama kimetoka, mpaka Usumani mwenyewe akaanza kutikisika kule chini, ingawa sikuweza kujua kama ni kicheko.

Ningependa kusema kwamba bolti ilipotoka bobini nayo ilitoka. Haikutoka. Ilizunguka unene wa unywele mmoja, ikasimama. Maji ya kuosha gari kila siku, nje na chini, yalikuwa yamepenya kidogo kidogo na kuviunganisha chuma na aluminiamu, na vitu hivyo viwili vikishaoana kwa kutu havitaki talaka. Kivuli kilikuwa kimelishika bati. Winifred alikiona. Nilimwona akikiona. Alitazama simu, akatazama shati lililokunjwa mapajani pake, akairudisha simu mkobani.

"Inahitaji joto," alisema Sibomana, na kwa mara ya kwanza siku nzima hakusema inakuja. "Bila joto, muzee, mimi nimeshindwa."

"Joto la gesi sitaki."

"Basi joto gani?"

Wakatazamana. Mezani dukani, kando ya pasi ya umeme, ilikuwapo pasi ya mkaa ya mama yake Usumani, nzito kama mtoto mchanga, ambayo bado anaitumia umeme ukikatika. Aliitazama kupitia mlango. Najua alifikiria hariri zile, kwa sababu alizitazama nazo.

Ilichukua muda mkaa kushika. Oili waliifuta yote kwa mabaki ya vitenge, kifuniko cha pasi wakakifunga kwa waya, na Usumani akairudia kazi aliyoijua: akaegemeza pasi kwenye ubavu wa giaboksi, akaishikilia pale, akaiondoa, akairudisha, kama anavyofanya kola ya koti la sufu, ambayo ukiichelewesha inaungua na ukiiharakisha inabaki na mikunjo. Aluminiamu ikipata joto hupanuka zaidi kuliko chuma. Rangi ilitoa harufu mbaya. Jasho lilimwingia machoni, akatukana kwa Kiswahili cha babu yake, neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu nilipokuwa Pangani.

"Sasa," alisema. "Usivute. Zungusha, kama unafungua chupa ya marashi."

Sibomana akazungusha. Kikatoka kisauti kama busu, na bobini ikaanguka kwenye kiganja chake.

Kijigia kilikuwa kizima, meno yake yote. Ile ncha ya waya ilitolewa kwa sindano ya kushonea ngozi, bobini ikarudishwa na waya mpya. Hakuna aliyeshangilia, tulikuwa tumechoka mno. Libère pekee ndiye aliyesema kwamba nyundo ingemaliza kazi hiyo mapema.

Ijumaa mkaguzi yule yule aliendesha hatua zile zile, mshale ukainuka, akapiga mhuri. Usumani alirudi moja kwa moja kwenye cherehani. Alishona mishanana sita bila kuinua kichwa, na jioni, umeme ulipokatika, kama ilivyokuwa lazima ukatike, aliwasha pasi ya mkaa. Alikuwa ameifuta. Aliapa kwangu mara tatu kwamba alikuwa ameifuta. Lakini pasi ina kingo, na kingo zina siri, na kwenye vazi la mwisho, lile la rangi ya dhahabu, palibaki alama nyeusi ya oili ya giaboksi yenye umbo la ncha ya pasi. Lilikuwa vazi la Winifred.

Nilikuwepo alipolipokea. Alilitandaza, akaliona doa, na Usumani akaanza kuhesabu vifungo vya shati lake mwenyewe.

"Shemeji, nitanunua kitambaa kipya, nitashona usiku huu..."

"Usiguse kitu," alisema Winifred. "Ukigusa utalipaka rangi."

Akalikunja, akaenda nalo.

Jumamosi Gaju alitoka nyumbani kwa baba yake, huko Ndera, akaketi nyuma ya Pijo, mahali pa mama yake. Winifred alikaa mbele, kando ya Usumani aliyeshika usukani, kitambaa cha begani amekishusha chini kuliko desturi ili kifunike doa, na amekiegesha pale kwa pini na kwa hasira. Mimi nilibanwa kwenye jeep ya Bruce, nyuma yao, nimevaa suruali iliyopunguzwa kiuno upande mmoja.

Sijawahi kuona msafara unaokwenda vile. Barabara ya kupanda kilima cha Rebero ilikuwa wazi, ukumbi ulikuwa unatungoja, na Pijo ilikwenda kwa heshima ya jeneza. Bruce alipiga honi. Alipiga tena. Akampigia mama yake simu, akaiweka kwenye spika.

"Mama, gari limeharibika?"

"Limepona, ndiyo shida," ilisema sauti ya Winifred. "Anaangalia mshale. Haangalii barabara, anaangalia mshale. Shemeji, Sofiya hayupo hapa! Kanyaga!"

"Thelathini," ilisikika sauti ya Usumani, ya mtu mwenye ushahidi. "Umeona? Thelathini kamili."

"Watu wa bwana harusi wameshanipigia mara mbili, wanauliza bibi harusi yuko wapi. Niwaambie nini?"

Gaju alisema kitu kutoka nyuma ambacho hatukukisikia, na wote watatu wakacheka. Kisha Usumani akajibu, bila kuongeza hata kilomita moja:

"Waambie iraje."